Sifuri Kwenye Safu ya Wanawake

9 Januari

Dada mdogo,

Habari za tangu tulipoachana msibani? Sisi huku hatujambo. Binti yetu amepewa kufundisha darasa la kwanza mwaka huu, watoto sitini na wawili, na kila jioni anarudi sauti imemkauka. Goti langu la kushoto bado linagoma nikipanda ngazi, kwa hiyo nimehamia chumba cha chini karibu na jiko, ngazi nimemwachia paka. Shemeji msalimie. Mwambie ile redio aliyonitengenezea inakamata stesheni moja tu, tena ile nisiyoipenda.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Simu siiamini, unanijua. Neno la simu halina sahihi.

Juzi kamati yetu ya wastaafu wa kiwanda cha mabati ya asbesto iliitwa kusomewa takwimu za awali za tume inayochunguza vifo vya kiwandani. Tulikaa kwenye mabenchi ya shule, magoti yamegusa videvu, na bwana mmoja mwenye suti akasoma. Wanaume waliokufa kwa magonjwa ya vumbi la asbesto, arobaini na mmoja. Wanawake, sifuri. Akasoma tena, sifuri, kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira. Kisha wakili wa kiwanda akasimama akasema kwa upole kabisa: "Kama hili vumbi lingekuwa linatoka nje ya uzio, si lingeua na wake zao?" Kwa hiyo, kwa maoni yake, lile lundo la vipande vilivyovunjika nyuma ya nyumba zetu halina neno, libaki lilipo.

Mimi naandika daftari tangu nilipomaliza kidato cha nne, kila siku na tarehe yake. Nimelipitia. Mtaa huu mmoja tu, wanawake kumi na mmoja wamekufa kwa kifua.

Rejista ya vifo ya hospitali ya wilaya iko mezani kwako, miaka kumi na tisa sasa. Kila jina limepita chini ya kalamu yako. Nakuuliza kama kaka, kabla sijakuuliza mbele ya watu: wanawake wetu nani kawakata?

Kaka yako

2 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi tu, na bahasha imebandikwa gundi mara mbili. Kama ni wewe uliyeifungua kuongeza maneno, sema. Kama si wewe, tuandikiane kwa adabu, maana tuna msomaji wa tatu.

Sisi ni wazima. Shemeji yako anasema redio haina kosa, kosa ni mkono unaozungusha. Mdogo wetu wa mwisho amehama tena nyumba, ya nne hii, na safari hii anasema jirani anapiga chafya kwa makusudi.

Umeniandikia kama polisi, kaka. Nimeisoma mara mbili nikaiweka chini ya sahani za kabatini ili isinitazame. Leo nimepoa.

Hakuna aliyekata jina. Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyo, uelewe namna sifuri inavyotengenezwa bila mtu kula njama. Mgonjwa akifika, karani anajaza fomu. Mstari wa nne ni kazi ya mgonjwa. Mwanaume wa kiwandani anakuja na kitambulisho chake cha kiwanda mfukoni, kwa hiyo tunaandika kiwanda, na fomu yenye neno hilo inagongwa muhuri wa buluu na kupelekwa kwa daktari wa kifua. Anapigwa picha, anakatwa kinyama kidogo cha kupimwa, kinapelekwa maabara. Mwanamke anakuja na kikohozi kilekile. Tunaandika mama wa nyumbani. Hapo hakuna muhuri. Anapewa dawa za kifua kikuu, asipopona anaongezewa, akifa tunaandika kifua kikuu. Anayetafutwa ugonjwa anapatikana nao. Asiyetafutwa hana, mpaka anaingia kaburini hana.

Na mambo yanaharibika upande wa pili pia, ingawa hili hutalipenda. Siku hizi mwanaume yeyote mwenye kitambulisho akifa anakohoa, daktari anaandika vumbi bila hata kungoja maabara. Katika wale arobaini na mmoja yumo rafiki yako Kijiko. Mimi nakumbuka Kijiko akimeza dawa za TB, na mkewe, na mtoto wao, nyumba nzima. Daftari lako linasemaje?

Ninaweza kupeleka maelezo kwa tume kupitia kwa mganga mkuu. Niandikie wale wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na tarehe alizougua, kama ulivyoandika siku ile ile na si unavyokumbuka leo. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Juni.

Dada yako

20 Februari

Dada mdogo,

Marahaba. Bahasha sikuifungua mimi. Tangu leo naweka sahihi yangu juu ya mkunjo. Ukiikuta imekatika utajua.

Huku mvua imeanza vibaya. Binti yetu anafundisha chini ya turubai, maana paa la darasa limetobolewa na tawi. Hilo paa nalo ni mabati ya mikono yetu. Nimemkataza asiguse vipande na akaniuliza tangu lini naogopa mabati.

Umeandika vizuri mpaka ulipofika kwa Kijiko. Hapo nikasema ahaa. Mtu anaulizwa kwa nini wanawake hawapo, anajibu kwa kutaka kumpunguza mwanaume. Unauma na kupuliza. Mganga mkuu wako ndiye yule aliyekuwa akija kwenye sherehe za kiwanda na kukaa meza ya mbele. Nimeandika tarehe tatu alizokuja. Sijui nani anakuambia uandike nini. Sisemi ni wewe. Nasema sijui.

Lakini sijawahi kudanganya daftari. Kijiko, tarehe 4 Agosti ya mwaka ule: "Kijiko kaanza sindano, makohozi yameonekana na vijidudu." Haya. Fanya unalotaka nalo.

Orodha ya wanawake iko karatasi ya pili, kwa mwandiko wa herufi kubwa ili usije ukasingizia macho.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sahihi yako imefika nzima. Shemeji yako amecheka sana, anasema tumekuwa kama wezi wawili wanaogawana ramani.

Orodha nimeipokea na nimeishangaa. Sijawahi kuona kazi safi hivi hata kwa wauguzi wetu: tarehe ya kikohozi cha kwanza, tarehe ya maji kujaa ubavuni, nani alikuwa mume wa nani na alifanya idara gani. Nimezitafuta fomu zao zote. Wote mstari wa nne ni mama wa nyumbani.

Ila kaka, uliniambia kumi na mmoja. Wapo kumi. Nimehesabu kwa kidole kama mtoto.

Na daftari lako, ambalo halijawahi kuruka hata siku ya harusi yako, kwenye nakala hii linaruka kutoka Novemba hadi Juni ya mwaka uliofuata. Miezi saba. Mimi nilikuwepo miezi ile. Ndiyo miezi wifi alipougua.

Kwa kuwa hukumwandika, nimemtafuta mwenyewe. Siku walipomtoa maji ubavuni walichukua na kinyama kidogo cha utando wa mapafu. Jibu la maabara wakati ule lilikuwa mistari miwili tu: uvimbe, vijidudu havikuonekana, aendelee na dawa za TB. Hakuna aliyewaomba waangalie zaidi. Lakini maabara haitupi kitu. Kinyama kimegandishwa kwenye kipande cha nta kidogo kama jino, kina namba, kiko kwenye droo ya chuma. Nimekiona kwa macho yangu.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Fomu ya wifi niliijaza mimi. Alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika kanga mdomoni, tunaongea habari za watoto. Nilijua unafanya kazi wapi. Nilijua nguo zako anafua nani. Nikafika mstari wa nne na mkono ukaandika wenyewe, mama wa nyumbani, sikuinua hata kichwa. Ningeandika maneno mengine mawili, angepelekwa kwa daktari wa kifua. Pengine asingepona. Lakini angekuwa amehesabiwa.

Maabara inahamia jengo jipya. Vipande vya nta vyenye zaidi ya miaka kumi vinachomwa mwisho wa Juni. Kukifungua cha wifi inahitajika sahihi ya mume. Fomu ya ridhaa nimeiweka humu. Weka sahihi, irudishe.

Dada yako

30 Aprili

Dada mdogo,

Marahaba. Tu wazima. Turubai la shule limechanika, watoto wamehamishiwa ukumbini. Paka amezaa kwenye ngazi. Kamati imemchagua fundi umeme wa zamani kuwa mwenyekiti, mtu anayeongea saa nzima kabla ya kusema hayo ndiyo yangu.

Ile fomu unayosema sikuiona kwenye bahasha. Labda ilibaki mezani kwako.

Hata hivyo nimefikiri. Hao kumi wanatosha. Mke wangu amelala miaka kumi na mmoja na sioni sababu ya kumwamsha kwa ajili ya wakili. Na hizo maabara unaziamini wewe. Wanaweza kusoma chochote wanachotaka wakaandika chochote.

Kamsalimie shemeji.

Kaka yako

8 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nitakuwa mfupi kwa salamu kama ulivyokuwa mfupi kwa mambo. Tuko salama.

Kumi hawatoshi. Niliwapelekea vyote viwili, tarehe zako na maelezo yangu, na tume imejibu kwamba daftari la jirani si ushahidi wa maabara. Kati ya hao kumi hakuna aliyewahi kutolewa kinyama. Hakuna aliyeona sababu ya kuwatoa. Ni wifi peke yake. Bila yeye sifuri inabaki sifuri, na lundo linabaki nyuma ya nyumba.

Kijiko nimemwondoa, uendelee kunichukia. Wakili alikuwa ameshapata kadi yake ya TB na alikuwa anangoja siku ya kikao aitoe mbele ya watu. Angesema mmoja ni wa uongo, basi wote arobaini na mmoja ni wa kutiliwa shaka. Sasa ni arobaini, na kila mmoja anasimama kwa miguu yake.

Fomu nilituma kwa barua ya rejista. Posta wamenionyesha stakabadhi. Imesainiwa na binti yetu. Nilimpigia, maana mimi simu naiamini. Anasema bahasha alikupa mkononi, ukaifungua, ukatoa karatasi moja ukaitia kwenye kabati la nguo, na tangu siku hiyo ufunguo wa kabati unatembea nao mfukoni. Aliniuliza, "Shangazi, baba anaficha nini?"

Kwa hiyo nakurudishia swali lako la Januari. Ulinituhumu, nikajieleza, nikakiri la kwangu ambalo lingenifukuzisha kazi. Wewe ndiye uliyepiga kelele kwamba wanawake wamekatwa. Sasa wanawake wanaingia mlangoni na ni wewe uliyeshika komeo. Yule wakili amekuja nyumbani? Amekuahidi kitu?

Kaka, unaogopa nini?

Dada yako

3 Juni

Dada mdogo,

Wakili hajaja, na angekuja angemwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Hilo ulifute.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitakunakilia kutoka daftarini, maana pale niliandika bila kujua kama kuna mtu atasoma.

Mwaka wangu wa pili kiwandani, Jumamosi: "Ovaroli imekaa kama imepakwa unga. Mke wangu kaikung'uta uani, akapiga chafya, tukacheka." Nimetafuta sehemu nyingine. Iko kila Jumamosi, dada. Sikuandika kila mara kwamba tulicheka, lakini kukung'uta kumo. Nilikuwa najisifu kwamba nimepata mke msafi.

Kiwanda kilitupa barakoa. Mimi nilivaa. Yeye nyumbani nani alimpa?

Kwa hiyo unaponiambia kinyama cha utando, mimi nasikia hivi: vumbi lile halikuruka uzio. Nililibeba mimi, miguuni na mabegani, nikaingia nalo mlangoni nikasema nimefika. Arobaini waliuawa na kiwanda. Yeye je, ameuawa na nani? Nataka tume iandike nini hapo?

Ningeishia hapo ningekuwa nimekupa nusu. Tarehe 17 Machi ya mwaka mwingine: "Binti ametimiza miaka sita leo. Amemsaidia mama yake kukung'uta, kila mmoja kashika upande." Aliendelea hivyo mpaka alipokuwa na miaka kumi na minne, kiwanda kilipoanza kufua ovaroli chenyewe. Miaka minane. Nikisaini kile kikaratasi na maabara ikajibu ninavyojua itajibu, basi nimesaini na hukumu ya binti. Asiposaini mtu, ni TB, na TB haimsubiri mtu miaka thelathini kama vumbi linavyofanya.

Ndiyo sababu niliruka miezi saba. Ndiyo sababu ya kabati.

Sahihi nimeweka leo saa nne asubuhi, mbele ya katibu wa kamati. Imo humu. Nina sharti moja, binti asiambiwe.

Kaka yako

9 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikiwa nimekaa stoo, juu ya maboksi ya fomu, ili nisiulizwe kitu na mtu.

Ridhaa yako ilifika tarehe tisa Juni. Kipande kilifunguliwa tarehe kumi na nne, kikapakwa dawa mpya na kusomwa na madaktari wawili ambao hawakuambiwa ni cha nani wala anatoka wapi. Niliomba hivyo mimi. Nilitaka mtu asiyejua neno kiwanda akisome, ili wakili asije akasema waliona walichokitafuta. Wote wawili wamejibu sawa: saratani ya utando wa mapafu. Ni ugonjwa ambao ni nadra mno kumkuta mtu ambaye hakukutana na vumbi hilo. Vijidudu vya TB hakuna, na havikuwahi kuwapo.

Tume imepokea tarehe ishirini na saba. Kwenye safu ya wanawake wamefuta sifuri na kuandika moja. Wakili amesema moja ni bahati mbaya. Mwenyekiti wa tume akamwuliza, kama katika kumi na mmoja mmoja tu ndiye aliyepimwa, na huyo mmoja amekutwa nao, je, sifuri ile ya mwanzo ilikuwa ni hesabu ya nini? Bwana yule alitafuta kalamu yake kwa muda mrefu. Wameagiza lundo lipimwe, na wake wote walio hai wa wafanyakazi waitwe kwa picha ya kifua. Sijui kama watatekeleza. Siku hizi nami nimeanza kuwa kama wewe.

Kuhusu nani kamuua wifi. Tume ina sehemu ya kuandika njia ya vumbi. Wameandika: nguo za kazi zilizotoka kiwandani bila kufuliwa. Jina lako halimo. Nguo zilikuwa za kiwanda, kaka. Ndicho kilichojua kilichomo ndani yake, na kilikaa miaka kumi na nane kabla ya kuweka sehemu ya kufulia.

Sharti lako nimelishika. Sijamwambia. Lakini umesikia nilivyoandika juu: wake walio hai wataitwa. Mabinti hakuna aliyewakumbuka. Nikiingia hapo mimi, nimevunja sharti. Usipoingia wewe, yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza na hakuna fomu duniani itakayomwuliza.

Dada yako

24 Julai

Dada mdogo,

Marahaba. Nimemwambia.

Nilimwambia Jumapili akiwa anasahihisha madaftari. Nilimsomea ile barua yangu ya Juni, maana kwa mdomo nisingeweza. Aliendelea kusahihisha mpaka akamaliza rundo. Kisha akaomba daftari langu la mwaka huu. Nikampa. Akafungua Februari, Machi, Aprili, akakuta nilivyoandika, "Binti kakohoa mara tatu asubuhi," "Binti kakohoa, labda chaki." Akasema, "Kumbe ulikuwa unanihesabu." Siku mbili tulikula mbalimbali. Chakula aliniwekea mezani na kufunika, akala kwake. Nilistahili.

Siku ya tatu aliniambia nivae viatu.

Tulifika kliniki ya kifua saa mbili. Karani ni kijana, mpole, ana fomu zile zile zako. Jina akaandika. Umri akaandika. Akauliza kazi, binti akasema mwalimu, na kabla hajamaliza neno kalamu ilishaandika na ilishashuka mstari wa tano. Nilimwambia asimame hapo. Nikamwambia aandike kwamba huyu alikung'uta ovaroli za kiwanda cha asbesto tangu akiwa na miaka sita hadi kumi na minne, kila Jumamosi, na kwamba mwenye ovaroli ni mimi hapa.

Akasema, "Mzee, mstari umejaa."

Nikamwambia ageuze karatasi.

Alinitazama, akamtazama binti. Binti akasema, "Geuza tu, kaka, huyu hatoki." Akaigeuza. Nilimsomea taratibu kutoka daftarini, tarehe ya kwanza na tarehe ya mwisho, naye akaandika yote, kisha akavuta droo akatoa muhuri wa buluu.

Picha imepigwa. Majibu ni Jumanne. Tunakwenda wote wawili.

Kaka yako